Mkono Unaokula Shaba

Sonara alikutwa ameinamia meza yake ya kazi kama mtu anayetafuta kitu kidogo kilichomponyoka. Masikini, hakuwa akitafuta chochote. Kisogo chake kilikuwa kimepasuka, na damu ilikuwa imeteremka hadi kwenye kile kipande cha ngozi ambacho mafundi wa kazi hiyo hukifunga chini ya meza, wakinge vumbi la dhahabu lisipotee.

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na nusu alasiri. Inspekta alisimama kizingitini bila kuingia. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mfupi, asiyependa kurudia neno. Chumba husema, lakini hakisemi na mwenye papara. Basi akatulia na kuangalia.

Mlango mmoja. Dirisha moja la mtaani, na jingine dogo la uani. Kabati la vioo lilikuwa zima, pete zimepangwa ndani yake safu kwa safu. Droo zote zimefungwa. Rafuni vifaa vya shaba viling'aa kana kwamba vimetoka dukani asubuhi ile.

"Si mwizi," alisema.

"Au ni mwizi mpumbavu, afande," alisema Sajini wake.

"Mwizi mpumbavu huchukua vingi kupita kiasi. Hajapata kuacha vyote."

Sajini alikuwa kijana mwema, mwenye bidii, ila mdomo wake hutangulia.

Mwisho wa rafu kulikuwa na kinu kidogo cha shaba ya manjano, cha kusagia dawa ya kuchomelea. Mchi wake ulikuwa umesimama ndani, mzito, mfupi, unatosha ngumi. Mpiga picha alipouinua, unywele mmoja wa mvi ulining'inia kwenye kitako chake. Walinyunyiza unga wa kutafutia alama za vidole. Hawakupata hata moja.

"Umefutwa," alisema Inspekta. "Ameua, akafuta, kisha akarudisha kifaa mahali pake. Mtu gani huua halafu akapanga vyombo?"

Sajini aliuchukua mchi, akautia kwenye mfuko wa nailoni na kuufunga kwa utepe wa gundi, mara tatu, barabara.

"Nailoni? Vielelezo vya madini huwekwa kwenye karatasi, wewe!"

"Karatasi zimeisha tangu juzi, afande."

"Na akili nazo zimeisha juzi hiyo hiyo?"

Jirani aliyekuwa na neno la kusema alikuwa mshonaji wa chumba cha pili, na alilisema bila kuulizwa mara mbili. Saa nne asubuhi, mwashi mmoja alikuja akapiga kelele mtaa mzima ukasikia. "'Nitakuua, mzee wewe!' Hayo ndiyo maneno yake, afande, siongezi chumvi. Kisha saa tisa nikamwona tena, anagonga mlango huo huo."

"Na katikati ya hapo?"

"Katikati sonara alikuwa anasugua shaba zake. Kila Ijumaa kabla ya chakula anavisugua vifaa vyote, tangu nimjue. Amevaa glavu zake nyeupe kama daktari. Saa sita na nusu nilimpitia, alikuwa anamalizia."

Inspekta aliandika yote hayo. Sajini alikwishatoka kwenda kumsaka mwashi.

Nyumba ya sonara ilikuwa nyuma ya karakana, zimetenganishwa na ua wa hatua kumi tu. Mke wake alikuwa ameketi uani kwenye kigoda, majirani wawili wamemshika mabega. Halii. Mikono ilikuwa mapajani, viganja juu, kama anayesubiri kukabidhiwa kitu.

"Pole sana, mama."

"Nishapoa."

"Ni wewe uliyemkuta?"

"Saa kumi. Nilikuja kuchukua sahani dirishani. Sahani haijaguswa. Nikachungulia."

"Na kabla ya hapo ulimwona lini?"

"Saa saba, nilipoleta chakula. Nilikiweka hapo dirishani kama siku zote. Mimi siingii karakana."

"Huingii? Ya mumeo?"

Aligeuza viganja vyake. Vilikuwa vimelowa, ingawa kivuli kilikuwa baridi. "Nina jasho baya, mwanangu. Nikishika fedha inageuka nyeusi. Nikishika shaba, kesho yake imeota ukungu wa kijani. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilimharibia bangili ya mteja, ya harusi. Mama mkwe akasema mwanawe ameoa mwanamke anayechafua hata dhahabu. Tangu siku hiyo sijakanyaga mle."

"Yeye ndiye alikukataza?"

"Nilijikataza."

Inspekta alimtazama vidole. Vitupu. Kiunoni alikuwa na ufunguo ulioliwa ukawa kijani. Saa yake ilikuwa na mkanda wa plastiki, na shingoni alivaa mkufu wa ushanga wa mti.

"Mke wa sonara, na huna pete?"

"Mwaka wa thelathini huu. Si wanasema kinyozi hajinyoi?" Majirani wakainamisha macho. "Alijaribu mwanzoni. Akachoka. Alisema hakuna madini yanayonivumilia."

"Alikuwa mtu wa kutoka?"

Alifuta viganja mapajani.

"Alhamisi," alisema. "Miezi miwili sasa. Kila Alhamisi anafunga mapema, anarudi jioni ananukia sabuni. Ameoga."

"Ameoga wapi?"

"Nikuulize wewe, polisi."

Kisha akainama kutafuta kandambili yake chini ya kigoda, na kishikizo cha ule mkufu kikameta kisogoni kwake. Inspekta alikiona, akakisahau. Binadamu ana macho mawili tu, na siku ile yalikuwa na kazi nyingi.

Mwashi aliletwa kituoni jioni ile, saruji bado imemganda kwenye nyusi. Walipomchukua alama za vidole, wino ulitoka madoa matupu. Sajini alijaribu mara nne.

"Vidole vyako vina kipara, mzee?"

"Miaka ishirini na sita ya saruji na chokaa, baba. Vimekwisha."

Inspekta aliketi mbele yake. "Ulisema utamuua."

"Nilisema."

"Amekufa."

"Ndiyo naambiwa." Alijifuta saruji kwenye nyusi. "Hasira hasara, afande. Mimi nina mdomo mrefu, muulize yeyote, lakini sijawahi kumpiga hata mbwa."

"Ugomvi ulikuwa wa nini?"

"Pete ya uchumba ya mwanangu. Mchumba wake aliniachia mimi kuchagua, nikamwachia sonara kutengeneza. Mwanangu ni msusi, kutwa mikono yake imo kwenye dawa za nywele. Sonara ana mtindo wake: hakuchongei pete kabla hajakufunga vipande vya madini kwenye uzi, uvivae siku saba. Anasema kila jasho lina tabia yake. Basi akamfunga. Siku ya tatu kipande cha fedha kikawa kama mkaa. Akaniambia, 'Mzee mwenzangu, fedha itamwaibisha huyu binti. Mchukulie chuma kisichoshika kutu, au titani, yale madini magumu ya kijivu.' Nikamwambia mwanangu haolewi na sufuria!"

Sajini alikohoa akificha kicheko. Inspekta hakucheka.

"Ukalazimisha fedha."

"Nikalazimisha. Mwezi haukuisha, pete nyeusi tititi. Shangazi za mkwe wangu wakaanza: pete ya mwanamke ikiwa nyeusi, basi na moyo wake ndivyo ulivyo. Mwanangu akalia wiki nzima. Ndipo nikaenda kumtukana mtu aliyenionya."

"Na saa tisa ulirudi kufanya nini?"

"Kumwomba radhi. Nilikuwa juu ya kiunzi, napanga matofali, nikaona aibu. Nilitaka anitengenezee ile ya sufuria. Nikagonga, kimya. Nikaondoka." Aliinua uso. "Harusi ni keshokutwa, afande. Jumapili saa nne. Mama yake alishatangulia mbele ya haki, amebaki na mimi tu. Amesema bila baba hatoki ndani."

Binti mwenyewe alikuwa kwenye benchi la mapokezi, vidole vimetapakaa rangi ya nywele. Alimtazama Inspekta akipita, na kutazamwa kule kulimfuata hadi ofisini kwa Mkuu wa Kituo.

"Kitisho tunacho," alisema Mkuu. "Shahidi tunaye. Ugomvi tunao. Unangoja nini?"

"Sababu ya mchi kurudishwa kinuni."

"Alirudisha kwa hofu."

"Mwenye hofu hutupa na kukimbia, Mkuu. Huyu alijua mahali pake."

"Kesho saa kumi na mbili jioni namfungulia shtaka la mauaji. Una siku moja, na hiyo nakupa kwa kuwa nakuheshimu."

Jumamosi asubuhi, Sajini aliingia ofisini bila kubisha. Ameushika ule mfuko wa nailoni kwa vidole viwili.

"Afande, sijaugusa. Naapa sijaugusa."

Ndani ya nailoni kulikuwa na mvuke, matone yamekaa kama ya chungu kilichofunikwa. Na mchi uliokuwa unang'aa jana ulikuwa umeota mkono. Vidole vinne upande mmoja, gumba upande wa pili, rangi ya kijani kibichi inayoelekea weusi, imezama kwenye shaba. Ungedhani mtu ameushika kwa mkono uliochovywa rangi.

Inspekta aliinuka polepole. "Mpigie mtaalamu wa alama."

Mtaalamu alikuja na kioo chake cha kukuzia, akaangalia kwa dakika kumi. Kisha akacheka peke yake.

"Nani aliyeweka kwenye nailoni?"

"Mimi," alisema Sajini, amejikunyata.

"Kosa lako limefanya kazi ya wiki mbili kwa usiku mmoja. Sikieni. Ukishika shaba iliyosuguliwa, unaacha mafuta na chumvi. Ukifuta, mafuta yanaondoka, ndiyo maana unga haukushika kitu. Lakini chumvi ikishaanza kuila shaba, hufuti tena, labda uisugue upya. Nailoni imefungia unyevu, na shaba imeendelea kuliwa. Mistari ya vidole hii hapa, naisoma kama gazeti."

"Ya mwashi?"

"Mwashi hana mistari. Na jasho hili si la kawaida. Watu wengi wakishika shaba hamtaona kitu kwa siku kadhaa. Huyu mkono wake unakula shaba."

Sonara alimaliza kusugua saa sita na nusu, kwa glavu. Aliyeuacha mkono ule alishika mchi baada ya hapo. Na yuko mtu mmoja aliyesema kwa kinywa chake kwamba haingii karakana.

"Jana tuliwachukua alama watu wa nyumbani, kuwaondoa kwenye orodha," alisema. "Linganisha."

"Nipe saa mbili."

Saa mbili hizo hakuzikaa. Alirudi karakana na Sajini. Chini ya meza, jana walikuwa wameliona boksi la viatu limejaa bahasha ndogo, wakadhani ni barua. Sasa alilifungua. Kila bahasha ilikuwa na jina la utani la mteja, tarehe, na vipande vya madini kwenye uzi. "Msusi": fedha nyeusi, shaba nyeusi, chuma cheupe, na chini yake maandishi ya sonara, herufi ndogo zilizonyooka: *Baba hasikii. Namwomba Mungu asije akaniona mimi mbaya.*

"Loo," alisema Sajini.

Nyuma kabisa ya boksi ilikuwa bahasha nene kuliko zote, kingo zimechakaa kwa kushikwashikwa. Juu yake neno moja: *Nyumbani*.

Inspekta aliimwaga mezani. Havikuwa vipande vya kawaida. Vilikuwa vishikizo vya mkufu, zaidi ya ishirini, kila kimoja na kikaratasi chake. Alisoma kimoja kimoja, na kadiri alivyosoma sauti yake ilipungua.

*Fedha. Siku nne, nyeusi.*

*Dhahabu iliyochanganywa na shaba. Miezi miwili, imefifia, shingo imekuwa kijani. Nilimwambia ni rangi ya ushanga.*

*Fedha iliyochovywa dhahabu. Dhahabu imebanduka.*

*Chuma kisichoshika kutu. Hakikuchafuka, ila kimemwasha, ngozi imevimba. Nimekitoa usiku huo huo.*

*Dhahabu tupu. Haichafuki, lakini laini mno. Kimefunguka sokoni, ushanga ukamwagika. Anafua, anatwanga, pete yake lazima ivumilie kazi.*

Kikaratasi cha mwisho hakikuwa na kishikizo. *Titani. Bado kiko shingoni. Mwaka mzima, safi kama siku ya kwanza. Alhamdulillahi. Tatizo haichomelewi kwa tochi yangu, lazima ichongwe kwa mashine. Alhamisi, karakana ya fundi mashine.* Na chini kabisa, kwa wino mpya: *Pete tayari. Ijumaa jioni nichonge ndani: Miaka thelathini. Nimpe Jumapili.*

Sajini aliketi kwenye kigoda cha mteja bila kuombwa.

"Afande," alisema, "pete yenyewe iko wapi?"

Fundi mashine alikuwa mzee aliyestaafu kiwandani, na mashine yake ya kuchongea aliiweka bandani kwake. Alikuwa bado hajasikia habari za msiba. Alipoambiwa, alizima mashine na kushika kichwa.

"Kila Alhamisi alikuwa hapa. Anachonga mwenyewe, hataki nimsaidie. Titani si mchezo, ukienda haraka inawaka cheche. Aliharibu sita. Ya saba ikatoka."

"Na alikuwa akioga hapa?"

"Mafuta ya mashine, mama! Alisema mkewe ana pua kali, atagundua. Alikuwa kama kijana wa miaka ishirini, anavyojificha." Mzee alifuta macho kwa tambara lenye mafuta. "Aliniambia, 'Nimeivisha pete nusu ya mji huu. Mke wangu anatembea vidole vitupu, na watu wanadhani simpendi.'"

Simu ya Inspekta iliita. Mtaalamu wa alama alisema maneno matano, na Inspekta hakuhitaji kuyaandika.

Walifika kwa mke wa sonara saa tisa alasiri. Majirani walikuwa wamekwenda kupumzika kidogo. Inspekta alimwacha Sajini uani, akaingia jikoni, ambako mwanamke alikuwa amesimama mbele ya dirisha akiangalia mtungi mdogo wa kioo. Ndani yake mlikuwa na maji ya rangi ya chai hafifu. Harufu ya siki ilijaa chumba.

"Mama, nina maswali machache."

"Uliza."

"Mwashi tumemfunga. Saa kumi na mbili anashtakiwa. Binti yake yuko kwenye benchi kituoni tangu jana. Kesho ndiyo harusi yake."

Mwanamke hakugeuka. Mgongo ulipanda, ukashuka.

"Mwashi hakufanya kitu," alisema.

"Unajuaje?"

"Kwa kuwa ni mimi."

Inspekta alimwonya kama sheria inavyotaka: kwamba halazimiki kusema, na kwamba atakalosema litaandikwa. Mwanamke akaitikia kwa kichwa, kisha akaketi.

"Nilileta chakula saa saba," alisema. "Hakunisikia. Alikuwa ameshika pete, ndogo, ya kike, rangi nisiyoijua. Anaijaribu kwenye ncha ya kidole chake cha mwisho, anaigeuza juani, anatabasamu. Miaka thelathini sijamwona akiangalia kitu hivyo. Nikaingia. Mara ya kwanza tangu ile bangili. Nikamuuliza, ya nani hiyo?"

"Akasemaje?"

"Alishtuka, kisha akacheka. Akasema, 'Jumapili utamjua mwenyewe.' Akaiweka mezani, akanigeuzia kisogo akaendelea na kazi, na mabega bado yanacheka. Nikazikumbuka Alhamisi zote. Nikaikumbuka sabuni. Nikasema, anataka kuniletea mke mwenzangu Jumapili, na ananicheka." Aliushika ukingo wa meza. "Nilitaka anyamaze tu. Wallahi nilitaka aache kucheka."

"Ukachukua mchi."

"Ndio uliokuwa karibu. Mara moja tu. Baadaye nikaufuta kwa aproni yangu na kuurudisha. Kitu cha mume wangu hakikai ovyo."

"Na pete?"

Alinyoosha mkono kwenye mtungi. "Humo. Siki na chumvi. Nimeitia tangu jana, nilitaka ioze. Nikasema mwenyewe akija kuidai, aipate imeoza, kama zangu zote zilivyooza." Alicheka kicheko kikavu. "Haiozi. Nimekesha naiangalia. Ni kitu gani hiki, mwanangu, kisichooza?"

Inspekta alikuwa na bahasha kwenye mkoba. Kisheria hakulazimika kumwonyesha. Kesi ilikuwa imekwisha: alama ziko, maungamo yako, sababu iko. Alijiuliza kama ni huruma kumwambia au ni huruma kunyamaza, na hakupata jibu. Lakini mahakamani ingesomwa mbele ya watu wote. Bora aisikie jikoni kwake.

Aliiweka mezani.

Mwanamke aliliona lile neno kwanza. *Nyumbani.* Aliujua mwandiko. Akatoa kishikizo kimoja, kilicholiwa kikawa na matundu, akasoma karatasi yake. Akatoa cha pili. Cha tatu. Alisoma vyote bila haraka, midomo ikicheza, na alipofika kwenye kikaratasi kisicho na kishikizo alikisoma, akarudia, akarudia tena.

"Kila mara alikuwa anasema kishikizo kimechoka," alisema. "'Lete mkufu nibadilishe, kishikizo kimechoka.' Mimi namwambia, mume wangu, ushanga wa mti unakupa shida gani?"

Mkono wake ulipanda hadi kisogoni, ukasimama hewani. Hakuthubutu kugusa.

Ndipo alipolia. Kilikuwa kilio cha kutoka chini ya tumbo, na Sajini kule uani alivua kofia yake. Majuto ni mjukuu, watu husema, huja baadaye. Ya huyu yalikuja siku moja kabla ya sherehe yake ya miaka thelathini ya ndoa.

Saa kumi na mbili kasoro, jua bado liko kwenye madirisha ya kituo, watu wawili walisimama kwenye kaunta moja. Upande mmoja mwashi alikuwa anarudishiwa vitu vyake: mkanda, viatu, mwiko, na pete nyeusi ya mwanawe aliyokuwa ameibeba mfukoni. Binti alikuwa amemng'ang'ania mkono wa shati asije akachukuliwa tena.

"Kesho utavaa nini, mwanangu?" aliuliza mzee, machozi yakipita kwenye vumbi la saruji. "Hatuna pete ya maana."

"Hata ya sufuria, baba. Twende nyumbani."

Upande wa pili mke wa sonara alikuwa anavuliwa vyake, maana mahabusu haingii na kitu mwilini. Saa ya plastiki. Ufunguo wa kijani. Alipofika kwenye mkufu alishindwa kuufungua, vidole vinateleza kwa jasho. Inspekta alimzunguka nyuma akamfungulia mwenyewe, akauweka juu ya kaunta.

Mwanamke alikiona kishikizo kwa mara ya kwanza. Kilikuwa kidogo kama punje ya mchele, cha kijivu kinachong'aa, hakina hata doa.

Sajini aliandika kwenye daftari, akisoma kwa sauti kama utaratibu unavyotaka. "Mkufu wa ushanga wa mti, mmoja. Kishikizo cha..." Alisita. Alijua, ila kalamu haikutaka kwenda. "Cha nini, afande?"

Mwanamke ndiye aliyejibu.

"Titani," alisema. Akakigusa kwa ncha ya kidole kilicholowa, akakiachia, akakiangalia kwa muda mrefu. "Andika hakijachafuka, mwanangu. Mwaka mzima kilikuwa kwangu, na hakijachafuka."